SOMO LA LEO: Ukiwa mgeni mtandaoni, piga hodi kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja aliuliza hapa kwenye ukurasa: "Nina mwezi wa nne naposti kila siku, laiki ni za shangazi zangu tu. Nifanyeje?" Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana hilo swali lilikuwa langu miaka mitatu iliyopita. Nikamwambia jibu ni refu, nitaliandika kama somo. Ndiyo hili sasa.

Mimi nauza mchele Madibira, wilaya ya Mbarali. Kwa wasiopajua, huku ndiko kwenye mpunga. Kuna skimu ya umwagiliaji ya hekta kama 3,000, maji yake yanatoka mto Ndembera, na msimu wa mavuno ukifika kila unayekutana naye ana gunia. Sasa hebu fikiria. Unauza mchele mahali ambapo jirani ana mchele, mama mkwe wa jirani ana mchele, na mwenye mashine ya kukoboa naye anao. Mteja wangu hayuko hapa. Yuko Iringa mjini, yuko Dodoma, yuko Dar, na hanijui hata kidogo. Kwa hiyo kwangu mimi konekisheni siyo mambo ya kujionyesha. Nisipokuwa nayo nabaki na magunia yangu.

KOSA LANGU LA MWANZO

Nilipoanza nilijiunga na magrupu kama 40. Kila asubuhi nakopi tangazo lile lile, kwa herufi kubwa: MCHELE SAFI WA MBEYA UPO, BEI POA, NJOO INBOKSI. Napesti huku, napesti kule, mpaka bando linakata. Wiki ya tatu mtandao ukanifungia kuposti kwenye magrupu kwa siku kadhaa, na maadmini wawili wakanitoa kabisa. Ndani ya miezi sita nilipata wateja watatu, na mmoja wao ni binamu yangu anayesoma Dodoma.

Nikadhani shida ni picha, nikaazima simu yenye kamera nzuri. Wapi. Nikadhani shida ni bei, nikashusha mpaka nikauza kwa hasara. Wapi.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Mteja akija dukani anatia mkono kwenye mchele, ananusa, anatafuna punje mbili tatu, anaangalia chenga. Mtandaoni hawezi kufanya hata kimoja. Kitu pekee anachoweza kukipima ni wewe. Na mimi nilikuwa sijampa cha kupima zaidi ya herufi kubwa.

HATUA YA 1: KAA KWANZA, SIKILIZA

Ukihamia kijiji kipya husimami katikati ya gulio na kupiga kelele. Unapiga hodi, unasalimia, unamjua mwenyekiti, unajua nani anauza nini na nani anamdai nani. Mtandaoni ni hivyo hivyo.

Nilitoka kwenye magrupu 37, nikabaki na matatu. Moja la mapishi, moja la akina mama wenye migahawa na wapishi wa sherehe, na moja la wauzaji wa mazao wa Nyanda za Juu Kusini. Wiki mbili sikuposti chochote. Nilikuwa nasoma tu, na kila swali linalojirudia naliandika kwenye daftari. Nikapata maswali 20 hivi. Kwa nini wali unashikana? Nitajuaje mchele umechanganywa? Nitunze vipi usiingie wadudu? Kilo 50 inatosha watu wangapi?

Hayo maswali ndiyo mtaji wako wa kuandika. Usiumize kichwa kutafuta cha kuposti, watu wameshakuambia wanataka kujua nini.

HATUA YA 2: JIBU SWALI, BIDHAA IWEKE PEMBENI

Siku moja mama mmoja akaandika kwenye grupu la mapishi kwamba amepika pilau la sherehe ya mtoto wake na limekuwa kama uji mbele ya wakwe, wakati mchele ameuziwa kwa bei ya daraja la kwanza. Watu wakaanza kumtania. Mimi jibu nilikuwa nalo, maana ndiyo maisha yangu ya kila siku.

Lakini kulikuwa na tatizo. Ulikuwa mwezi wa sita, mavuno ndiyo yamepamba moto, na mchele wote niliokuwa nao stoo ulikuwa mpya. Nikisema ukweli najiharibia mwenyewe. Nilikaa na simu mkononi nikiwaza, halafu nikaandika:

"Pole sana mama. Huenda huo mchele ni mpya. Mpunga uliovunwa karibuni bado una unyevu, kwa hiyo ukitia maji yale uliyozoea, mchele unalegea na kushikana. Ukiwa na mchele mpya punguza maji, na pika kikombe kimoja cha majaribio kabla ya sufuria kubwa. Kwa pilau la watu wengi tafuta mchele wa msimu uliopita, huo unanyonya maji vizuri na punje zinaachana. Angalia na chenga pia, zikizidi zinafanya uji. Mimi nauza mchele lakini nilionao sasa ni mpya, unafaa wali wa kawaida, kwa pilau hapana."

Sikuweka namba ya simu. Maswali yakamiminika chini ya ile komenti, nikajibu moja moja mpaka bando likaisha, nikaenda kununua jingine nikarudi.

Siku tisa baadaye kuna mtu kaja inboksi. Hakuwa amekomenti popote, alikuwa anasoma tu kimya kimya. Mama mwenye mgahawa, Iringa. Akaandika: "Wewe ndiye uliyesema mchele wako haufai pilau?" Nikajibu: "Shikamoo mama, ndiyo mimi." Akasema: "Marahaba. Wengine wote wananiambia wao wana mchele wa zamani. Niletee kilo 50 za wali wa kawaida." Ikawa kilo 50 kila wiki mbili.

Kanuni nilizojiwekea tangu siku hiyo ni hizi:

Kwanza, majibu matano kwa tangazo moja. Nikishasaidia watu watano ndiyo najiruhusu kuposti bidhaa.

Pili, jibu limalizike pale pale mbele ya watu. Ukimwambia mtu "njoo inboksi nikuelekeze" unamsaidia mmoja, na wengine 200 wanaosoma kimya hawakuoni.

Tatu, usichokijua usikijibu. Mwite anayejua kwa jina lake aje ajibu. Yule aliyeuliza anakushukuru, na uliyemwita naye anakukumbuka. Hapo umepata watu wawili kwa sentensi moja.

HATUA YA 3: TAFUTA WATU KUMI, SIYO ELFU KUMI

Wengi tunahesabu wafuasi. Mimi nahesabu watu wanaoweza kulitaja jina langu nikiwa sipo. Mwanzoni nilijiwekea lengo la kumi tu.

Usiwatafute kwenye ukoo. Mwaka 1973 mtafiti wa Marekani anaitwa Mark Granovetter alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Wasiofika 17 katika kila 100 ndio waliosema wanaonana mara kwa mara. Waliobaki walisema ni mara mojamoja, au kwa nadra. Sababu yake ni rahisi. Watu wako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe. Mimi na majirani zangu Madibira tunawajua madalali wale wale na bei zile zile. Anayeniletea habari mpya ni mtu wa mbali kidogo.

Kwa hiyo tafuta muuzaji anayeuza kitu usichouza wewe, kwa mteja yule yule unayemtaka wewe. Anayenunua mchele wa mgahawa atahitaji vitunguu, maharage, viungo, mafuta. Nikamfuatilia kijana mmoja wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, dada mmoja wa viungo, na kaka wa maharage kule Mufindi.

Sasa unamwanzaje mtu usiyemjua? Hapa ndipo wengi tunaharibu. Ujumbe wa kwanza: "Habari kaka, naomba unisapoti, nishee posti yangu." Hapo humfahamu, hakufahamu, na umeshaanza kuomba. Mimi kwa yule wa vitunguu niliandika hivi: "Habari kaka. Nimesoma posti yako ya kutandaza vitunguu visilundikane stoo. Nimejaribu dukani kwangu, wiki ya pili hakijaoza hata kimoja. Asante sana." Nikaishia hapo. Sikuomba kitu.

Akajibu, tukasalimiana, basi. Baada ya wiki tatu mteja wangu akaulizia vitunguu, nikanunua kwanza kwake gunia moja kwa hela yangu, nikaona mzigo ulivyo, ndiyo nikampa yule mteja namba. Mwezi uliofuata yeye akaniletea mteja wa mchele wa Morogoro. Sikumwambia afanye hivyo.

HATUA YA 4: MKUBALI ALIYE MBELE, MSHIKE MKONO ANAYEKUJA

Kuna mtu atasema, mimi nimechelewa, wenzangu wameshajaa huko. Issa Michuzi wengi tunamjua kwa picha na habari zake mtandaoni. Mwaka 2005 alikuwa mpiga picha wa magazeti, yuko Helsinki, Finland, kikazi. Huko akakutana na Ndesanjo Macha, Mtanzania ambaye tayari alikuwa anaandika mtandaoni kwa Kiswahili kwenye ukurasa wake wa Jikomboe. Ndesanjo ndiye aliyemsaidia kufungua wa kwake. Yaani hata Michuzi kuna siku alikuwa mgeni, na aliyetangulia akamwelekeza wapi pa kubonyeza.

Mimi nachukua mambo mawili hapo. Kwanza, usione aibu kumuuliza aliyetangulia, ila uliza swali dogo lenye jibu. Usiulize "nifundishe biashara". Uliza "mzigo wa Dodoma unaufungaje usichanike kwenye basi?" Hilo mtu analijibu akiwa anakunywa chai. Pili, ukishajua, mwelekeze na anayekuja nyuma, hata kama anauza kitu kile kile. Kuna binti hapa Madibira ameanza kuuza mchele mtandaoni mwaka jana, nilimwonyesha namna ya kupiga picha punje kwenye kitambaa cheusi. Watu wakaniambia nimejiletea mpinzani. Mwezi uliopita nilipata oda kubwa kuliko mzigo wangu, na yeye ndiye aliyenijazia. Nisingekuwa naye ile oda ningeirudisha.

HATUA YA 5: KUMUUNGANISHA MTU NI KUMWEKEA DHAMANA

Hapa naomba msome taratibu, maana hapa niliumia.

Yule mama wa Iringa aliniuliza kama namjua mtu wa maharage. Wakati huo yule kaka wa Mufindi alikuwa hana mzigo. Kwenye grupu kulikuwa na muuzaji mwingine, posti zake nzuri, komenti nyingi za kumsifia, hata mimi alikuwa ananilaiki. Nikampa mama namba. Nikaandika, na haya maneno nayakumbuka: "Huyu yuko vizuri mama, ni mtu wetu."

Mama akatuma 160,000 kwa simu. Mzigo haukufika. Siku ya tatu simu ya yule bwana haipatikani, siku ya nne kajitoa kwenye grupu.

Mama hakunifokea. Alinitumia tu muamala wake na maneno mawili: "Mtu wenu." Nilijitetea moyoni kwamba si mimi niliyechukua hela. Jioni nikamsimulia mama yangu mzazi, akaniuliza swali moja: "Alimwamini nani, yule au wewe?"

Nililipa ile 160,000 kwa mafungu matatu. Ilinichukua miezi miwili, na kwenye duka dogo kama langu hiyo ni hela ya mzigo. Kila nikituma anajibu "Nimepata", basi. Baadaye akakaa miezi minne bila kuagiza. Alivyorudi aliagiza kilo 10, siyo 50. Leo tuko kwenye 25. Sijui kama tutarudi pale pale, na simlaumu.

Toka siku hiyo daftari langu la konekisheni lina makundi matatu:

A ni watu ambao nimenunua kwao zaidi ya mara moja na mzigo ukafika kama walivyosema. Hawa nawataja kwa kujiamini.

B ni watu ambao nimenunua kwao mara moja. Hawa nawataja kwa oda ndogo tu.

C ni watu ninaowajua kwa posti. Hawa siwatumii mteja. Mtu akinibana sana namwambia wazi: "Huyu simjui zaidi ya posti zake, sijanunua kwake. Usitume hela kabla hujaona mzigo."

Kumbuka laiki na komenti za kusifia hazimpandishi mtu daraja. Na wewe pia uko kwenye daftari la mtu mwingine. Jiulize uko kundi gani.

HATUA YA 6: USIIACHE KONEKISHENI YAKO KWENYE AKAUNTI

Akaunti inaweza kufungiwa, simu inaweza kuibiwa, grupu linaweza kufutwa usiku mmoja. Watu wako waandike kwenye daftari la karatasi: jina, namba, anauza au ananunua nini, mara ya mwisho mliongea lini, mliongea nini. Ile safu ya "mliongea nini" ndiyo ya maana. Ukimwuliza mtu "mama, sherehe ya yule kijana iliendaje?" anajua hukumkumbuka kwa sababu ya hela tu.

Ukitumia WhatsApp, jua hili: ujumbe wa orodha ya matangazo unamfikia yule tu aliyesevu namba yako. Kwa hiyo mteja mpya nikishamhudumia namwomba aisevu, na namwandikia jina la kusevu: "Dada Mchele Madibira". Asiyesevu usimlazimishe, hajakuamini bado.

Na jamani, acheni tabia ya kuposti mazungumzo ya wateja yakiwa na majina na namba zao ili kuonyesha mnaaminika. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata bila sheria, mteja akiona umemwanika mwenzake atajiuliza yeye ataanikwa lini. Omba ruhusa, au ficha jina na namba.

ZOEZI LA WIKI HII

1. Toka kwenye magrupu yote usiyoyasoma. Baki na matatu.
2. Andika maswali kumi yanayojirudia humo.
3. Jibu matano, kwa ukamilifu, bila kuweka namba yako. Angalau jibu moja liwe lile linalokugharimu, yaani ukweli ambao muuzaji mwingine angeuficha.
4. Mshukuru muuzaji mmoja kwa kitu ulichokijaribu kweli. Usiombe chochote.
5. Panga watu wako kwenye A, B na C. Usishtuke kama A wako wawili tu. Mimi nilipopanga mara ya kwanza A walikuwa watatu, na mmoja ni yule kijana wa vitunguu.

Usitegemee matokeo wiki hii. Mimi kumi wangu walinichukua karibu mwaka mzima. Lakini wale kumi ndio walionivusha msimu uliofuata mchele uliposhuka bei, wakati stoo za wenzangu zilikuwa zimejaa.

Dada uliyeuliza, ukifanya zoezi rudi hapa utuambie swali gani limejirudia sana kwenye magrupu yako. Na wengine pia, andikeni kwenye komenti unauza nini na uko wapi, ila chini yake ongeza kitu kimoja unachokijua kuhusu hiyo bidhaa ambacho mnunuzi hakijui. Tuanzie hapo kujuana.

Kazi njema.